Anayeacha pombe mwezi unapoandama: familia imwangalie kwa karibu



Sisi wa Nyaishozi, na Karagwe na Kyerwa kwa ujumla, tunaishi katikati ya migomba. Ndizi hizi hizi hukamuliwa, juisi yake ikachanganywa na mtama na kuachwa ichachuke hadi ikawa lubisi. Lubisi ikichemshwa na mvuke wake ukakusanywa, hiyo ni gongo. Hukumu yake imo katika Suratul Maida aya ya 90 na kila Muislamu anaijua. Leo tumzungumzie ndugu yetu ambaye amekunywa kila siku kwa miaka, kisha mwezi wa Ramadhani unapoandama anatia nia ya kuacha usiku ule ule. Nia ni njema kabisa. Lakini siku ya pili anatetemeka, siku ya tatu anazungumza na watu wasiokuwepo, na nyumba nzima inasema amepandwa na jini.

Ili uelewe, tazama kwanza pombe inavyosafiri mwilini. Haihitaji kusagwa kama chakula. Sehemu ndogo hunyonywa tumboni, nyingi katika utumbo mwembamba, na baada ya dakika chache imeshafika kwenye ubongo. Kidogo hutoka kwa pumzi, jasho na mkojo, ndiyo maana mnywaji hunuka. Zaidi ya sehemu tisa kwa kumi ni mzigo wa ini. Ini huigeuza kuwa asetaldehaidi, ambayo ni sumu na mojawapo ya sababu za pombe kuleta saratani ya ini na ya koo la chakula. Halafu huigeuza kuwa kitu cha jamii ya siki, na mwisho maji na hewa ya kaboni.

Kazi hiyo ini haliifanyi kwa haraka. Kwa mtu mzima, humaliza takriban gramu 7 hadi 10 za pombe kwa saa. Nusu lita ya bia yenye nguvu ya asilimia 5 ina gramu 20 hivi, basi ni saa mbili au tatu. Robo lita ya pombe kali ya asilimia 40 ina karibu gramu 80, yaani saa nane au zaidi. Gongo haina lebo, hivyo hesabu yake hakuna aijuaye. Na kahawa, pamoja na kwamba sisi ndio wakulima wake, haiongezi kasi hata kidogo. Wala maziwa, wala kumwagiwa maji baridi.

Sasa ubongo. Pombe hupooza ubongo, nao ukipoozwa kila siku hujifunza kujikaza ili ufanye kazi hivyo hivyo. Pombe ikikatwa ghafla, ule mkazo unabaki bila wa kuuzuia. Ndiyo arosto. Kutetemeka, jasho na moyo kwenda mbio huanza ndani ya saa 6 hadi 24 tangu alipokunywa mara ya mwisho. Degedege huweza kuja ndani ya siku mbili za kwanza. Maruweruwe makali yenye homa na kuchanganyikiwa huja kati ya siku ya pili na ya nne, na hayo huua mtu asipotibiwa. Si kila anayeacha hupatwa na haya. Hatari ni kwa mnywaji wa kila siku, hasa anayetetemeka asubuhi kabla hajaonja.

Hatusemi aendelee kunywa, hasha. Tunasema asisubiri mwezi uandame. Katika Shaaban mpelekeni kituo cha afya au Hospitali ya Nyakahanga, aseme kweli anakunywa nini na kiasi gani. Aibu hapa ni ghali. Zipo dawa za kutuliza ubongo, kama diazepamu, anazopewa kwa kipimo na kupunguziwa siku hadi siku. Asinunue mwenyewe dukani. Hupewa pia vitamini B1, kwa kuwa mnywaji huwa ameikosa, na kuikosa huharibu kumbukumbu na mwendo.

Je, afunge siku hizo? Mwenyezi Mungu amempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na huyu ni mgonjwa. Mpelekeeni sheikh wenu suala hilo mkiwa na maelezo ya daktari mkononi. Tena ini lililochoshwa na pombe hushindwa kutengeneza sukari ya mwili, kwa hiyo tumbo tupu kwake ni hatari zaidi kuliko kwako.

Akipatwa na degedege mlazeni ubavu, ondoeni vitu vigumu karibu yake, msimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, na msimnyweshe maji. Akianza kuona visivyoonekana, kisomo na asomewe, lakini asomewe njiani mkielekea hospitali.