Nusu Siku Saiwa, Wiki ya Kupanda

Hapa Ndalu mwaka hauanzi Januari. Unaanza siku matone ya kwanza yanapolipiga vumbi, mwishoni mwa Machi hivi, na trekta zikaanza kunguruma mashambani hadi usiku. Kila mtu yuko mbio: mbegu, mbolea, vibarua wa kupanda. Ni wiki hiyohiyo ambapo mimi huaga nyumbani nikaenda kukaa msituni nusu siku. Majirani wananiona mvivu. Sibishani nao.

Ninakokwenda ni Saiwa, ng'ambo ya Kitale, barabara ya Kapenguria, ukikata kuelekea Kipsaina. Ni hifadhi ya taifa ndogo kabisa, kama kilomita tatu za mraba tu, iliyotengwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, yule swala wa kinamasi mwenye kwato ndefu zinazotanuka asizame kwenye matope. Gari haliingii. Ni miguu yako tu, vijia, madaraja ya mbao, na majukwaa ya kupanda ukatazama kinamasi kwa juu. Kwa mtu anayetaka kutulia, hilo la gari kubaki langoni limeshamaliza nusu ya kazi.

Nenda asubuhi na mapema, maana msimu huu mvua ya huku hupenda kushuka alasiri. Vaa gambuti na uchomeke suruali ndani. Ardhi ikilowa siafu hutoka kwa misafara, na hakuna utulivu wowote utakaoupata siafu wakishapanda magotini. Muulize askari wa lango ni njia ipi imefurika.

Simu izime. Mara ya kwanza niliishika mkononi, nikazunguka kwa saa moja nikipiga picha za majani, nikatoka na picha 43 na nzohe sifuri. Nililaumu msitu.

Aliyenifundisha kukaa ni karasinga. Ndilo jina la kima yule mwenye ndevu nyeupe na utepe wa rangi ya chungwa kwenye paji la uso. Watu wa zamani walimfananisha na Wasikh. Akihisi hatari, mara nyingi hatoroki. Huganda. Nilimwona mmoja juu ya tawi lililoinamia maji, mikono imekumbatia magoti, nikasimama nami nisimshtue. Tukatazamana mpaka shingo ikaniuma. Ni mimi niliyeshindwa. Lakini katika kule kusimama nilisikia vitu ambavyo saa nzima ya kutembea haikunipa: vyura wakijibizana upande wa mafunjo, na ndege wa mvua na zile sauti zake tatu zinazoshuka, anarudia, anarudia, kama mtu anayeita mtoto aliyekataa kuja.

Kwa hiyo siku hizi nachagua mahali pamoja na kuketi. Dakika 20 za kwanza ni mbaya, nakuambia ukweli. Kichwa kinapiga hesabu. Sisi wakulima macho yetu yamezoea kupima: ekari ngapi, magunia mangapi, huu mti ungetoa mbao kiasi gani. Usipigane na hesabu hizo. Ziache zipite, kisha rudi kwenye kitu kimoja cha karibu. Mimi huchagua harufu. Ile harufu ya udongo uliolowa mara ya kwanza baada ya kiangazi inatoka kwa bakteria wadogo walio ardhini. Tone likianguka huirusha hewani. Shambani kwangu naivuta haraka kama taarifa tu: panda. Msituni naivuta polepole, na nagundua ina tabaka, juu kuna majani yaliyooza, chini kuna kitu kikali kama chuma.

Wajapani wana jina la jambo hili, shinrin-yoku, kuoga msitu. Idara yao ya misitu ilianza kulitumia mwaka 1982. Nilipomweleza mzee mmoja jirani yangu alicheka sana. Akasema yeye alichunga ng'ombe miaka kumi, basi ameshaoga vya kutosha.

Safari ya mwezi jana, niliposhaacha kumngoja, nzohe alitokea. Jike, manyoya yamelowa, akitembea kwenye maji kwa madaha kama mwanamke anayeogopa kuchafua leso. Alikula kidogo. Akainua kichwa akatazama jukwaa langu, masikio mbele, kisha mafunjo yakamfunika na maji yakafunga nyuma yake. Sikuitafuta simu.

Mvua ilinikuta njia panda nikisubiri matatu, na tulikuwa tumeshaiacha Kitale nyuma nilipokumbuka kwamba nyumbani nilikuwa nimetumwa mbolea.