KAZI YA UVUVI SASA INATAKA KALAMU



Zamani mvuvi wa Ziwa Viktoria alihitaji mtumbwi, nyavu na nguvu. Ujuzi alikuwa nao, tena mwingi, lakini aliurithi kwa baba yake. Siku hizi asiyejua kusoma anaweza kukesha ziwani na faida ikaenda kwa mwingine.

Mtazame sangara. Huyu si samaki wa asili wa ziwa letu, aliletwa miaka ya 1950. Miaka ya 1990 viwanda vya minofu vilijengwa Mwanza, minofu ikapelekwa Ulaya. Mwaka 1999 nchi za Ulaya zilikataa samaki wa ziwa hili, kwa sababu kulikuwa na watu wanaovua kwa sumu. Bei ikaanguka. Mvuvi wa Ukerewe hakuiona Ulaya hata siku moja, lakini barua iliyoandikwa huko iliingia mfukoni mwake.

Tangu hapo masharti ni mengi. Samaki awekwe kwenye barafu, asilazwe mchangani. Sangara mwenye urefu chini ya sentimita 50 haruhusiwi. Je, utampimaje kama hujui namba? Utangoja Bwana Samaki akupimie, na siku hiyo faini imeshafika.

Akina mama wa dagaa nao wameona mabadiliko. Dagaa wa mchangani hutafunika na mchanga wake, mnunuzi hushusha bei. Dagaa wa chanja ni safi, hukauka vizuri hata chini, bei yake ni nzuri zaidi. Na chanja ni miti na wavu tu! Kilichoongezeka hapo ni maarifa.

Halafu kuna simu. Tangu 2008 fedha hutumwa kwa simu hapa nchini. Mteja akikuonyesha ujumbe kwamba amelipa, usimpe mzigo kwanza. Soma jina, soma kiasi, kisha tazama salio lako mwenyewe, maana ujumbe wa uongo upo.

Wengine husema kisomo kimepitwa na wakati. Waulize basi, wakala mjanja anapenda mvuvi wa namna gani?

Zoezi. Mizani imeonyesha sangara wako ni kilo 43. Wakala ameandika 40. Tuseme kilo moja ni shilingi 8,000. Umepunjwa shilingi ngapi? Ukiuza hivyo mara nne kwa mwezi, je? Andika jibu katika daftari lako, na daftari hilo uende nalo mwaloni.