Kwashiorkor: Neno Linalomtetea Mtoto

Neno kwashiorkor limo katika kamusi za Kiingereza, lakini asili yake si Kiingereza. Hapa kwetu wengi husema kwashakoo au unyafuzi.

Neno hili ni la Kiga, lugha ya Accra na kandokando yake, nchini Ghana. Daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika, alifanya kazi huko wakati wa ukoloni. Mwaka 1933 aliandika habari za watoto wadogo waliovimba miguu na kubambuka ngozi, ambao chakula chao kilikuwa mahindi matupu. Mwaka 1935 aliutangaza ugonjwa huo kwa jina la wenyeji. Maana yake ni ugonjwa unaompata mtoto aliyeondolewa kifuani, mdogo wake anapozaliwa.

Hapa kwetu pia watu wameliona jambo hilo, ila wamelipa jina la lawama: "mtoto amebemendwa". Mama aliyeshika mimba mapema huona aibu, akamficha mtoto ndani. Huku nyuma mtoto anazidi kuvimba, na ugonjwa huu huua. Sisi wauguzi tunasema wazi: tendo la ndoa au mimba haviharibu maziwa ya mama. Hatari ni mtoto kuachishwa ghafla na kubaki na uji mtupu.

Dalili zake ni hizi:
1. Miguu yote miwili huvimba. Ukibonyeza kwa kidole gumba, shimo hubaki.
2. Nywele huwa nyepesi na nyekundu, hung'oka upesi.
3. Ngozi hufanya mabaka na kubambuka.
4. Mtoto hununa, hachezi, hataki kula.

Msidanganywe na mashavu yaliyojaa. Huo si unene, ni maji.

Mkiona miguu imevimba, mleteni mtoto hospitali siku hiyo hiyo. Msimlazimishe kula vyakula vingi nyumbani, kwa maana mwili dhaifu haustahimili. Hospitalini tunaanza na maziwa maalumu, kidogo kidogo.

Kinga ni maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6. Kisha mpeni uji wenye karanga au maziwa, pamoja na maharage, dagaa, mayai na mboga, huku akinyonya hadi miaka 2 au zaidi. Mama akishika mimba, asimwachishe ghafla. Afike kliniki kwanza tushauriane. Nanyi akina baba, yai likipatikana nyumbani, mkumbukeni mtoto aliyeachishwa ziwa.