Filamu Iliyopata Robo ya Mwanga

Kamera ilikuwa imewekwa ISO 1600, na filamu iliyokuwamo ndani ni HP5 Plus, ya ISO 400. Nililigundua kosa asubuhi, baada ya kumaliza picha zote 36 za usiku wa hina wa binti wa shangazi yangu, Dar es Salaam.

Hesabu yake ni nyepesi. Kutoka 400 hadi 800 mwanga hupungua nusu. Kutoka 800 hadi 1600 hupungua nusu tena. Kila picha ilikuwa imepata robo ya mwanga uliostahili. Afadhali kosa lilikuwa moja kwa roli nzima, maana roli husafishwa kwa mkupuo mmoja.

Mwanga ukizifikia punje za chumvi ya fedha zilizo kwenye filamu, huziachia alama isiyoonekana kwa macho. Dawa ya kusafishia huzigeuza punje zenye alama hiyo kuwa fedha nyeusi. Vikuku vya dhahabu vilivyong'aa chini ya taa viliacha alama tele. Mikunjo ya mabuibui meusi karibu haikuacha kitu. Kwa hiyo ukiirefushia dawa muda, nyuso hupanda, vikuku hupanda zaidi, mabuibui hubaki palepale. Picha hutoka kali, weusi na weupe, na chengachenga zake huonekana.

Nilichagua Microphen, dawa inayofaa filamu zilizokosa mwanga. Jedwali la watengenezaji wake, Ilford, kwa dawa isiyozimuliwa yenye nyuzi 20, linataka dakika 6 na nusu kwa ISO 400, dakika 8 kwa 800 na dakika 11 kwa 1600.

Nyuzi 20 ndizo zilizonitoa jasho. Maji ya bomba yalikuwa na nyuzi 29, na dawa yenye joto hufanya kazi haraka kuliko jedwali. Nililijaza beseni maji, nikatumbukiza chupa mbili za maji yaliyogandishwa, kisha nikaiweka dawa humo hadi kipimajoto kiliposoma 20. Tangi nalo lilikaa humo humo muda wote.

Filamu niliipakia kwenye tangi ndani ya mfuko mweusi, mikono ikiwa imekaushwa vizuri, kwa sababu jasho huifanya inase njiani. Baada ya kumimina dawa, nililipindua tangi mara 4 katika sekunde 10 za mwanzo, nikaligonga taratibu kutoa mapovu, kisha mara 4 mwanzoni mwa kila dakika. Kulipinduapindua kupita hapo huzidisha ukali wa picha. Sekunde chache kabla ya dakika ya 11 nilianza kumwaga. Ikafuata dawa ya kusimamisha, ya kukazia kwa dakika 5, na maji safi.

Bibi harusi alitoka vizuri. Hata maua ya hina kwenye viganja yanahesabika. Shangazi zake waliokaa nyuma wamebaki nyuso zinazoelea gizani, na hakuna dawa ya kuwarudishia mabuibui yao.

Kama hujui filamu yako imekosa mwanga kiasi gani, kata kipande cha sentimita 12 ndani ya mfuko, ukisafishe peke yake kwanza. Utapoteza picha tatu hivi, lakini utajua muda wa zilizobaki. Na kabla hujapakia roli nyingine, irudishe kamera kwenye ISO ya filamu.