Kaseti Ndani ya Stoo: Jinsi ya Kuunganisha Mashine ya Tepu na Kompyuta ya Zamani



Somo la leo ni la vikundi vilivyoachiwa kompyuta na miradi iliyokwisha. Tunajua ziko nyingi. Zimewekwa stoo, zimefunikwa gunia, na kando kuna kisanduku cha chuma na kaseti ndogo ndogo. Kabla hamjawauzia watu wa vyuma kuukuu, someni kwanza.

Kikundi kimoja cha maji tunachotembelea kilikuwa na ugomvi juu ya bomba. Mwaka 1997 wapimaji walipima mashamba na kuandika kila mwanachama anachota kwenye tawi gani. Daftari la katibu likaliwa na mchwa. Wazee waliokumbuka, wengi wametangulia. Kilichobaki ni kaseti 3 zilizoandikwa kwa biro "mashamba", mashine ya kuzisoma, na kompyuta ya Sun SPARCstation 5, aina iliyotoka mwaka 1994. Vijana walisema, "Hii ni taka." Mama mweka hazina akakataa. Alisema shamba lake liko ndani ya hizo kaseti.

Basi tuanze na kaseti yenyewe, maana kompyuta ikiharibika mtapata nyingine, lakini kaseti hiyo ni moja tu. Hizi za DDS ni ndogo kuliko kaseti ya redio. Pembeni kuna kidirisha cha kusukuma kwa kucha. Kikiwa wazi, mashine inaweza kusoma lakini haiwezi kuandika juu yake. Kifungueni kabla ya jambo lolote. Angalieni pia urefu ulioandikwa: mita 60 au 90 ni DDS ya kwanza, mita 120 ni DDS-2, mita 125 ni DDS-3. Mashine ya DDS-2 haisomi kaseti ya DDS-3, hata mkiisukuma mara kumi. Kaseti ikitoka mahali penye baridi au joto kali, ikae siku nzima ndani ya chumba cha kazi kabla ya kuitia.

Sasa tuunganishe. Zimeni kompyuta kwa utaratibu, kisha zimeni stima ya kila kitu. Msichomeke kebo wakati stima inapita. Njia inayounganisha vifaa hivi inaitwa SCSI, tamka "skazi". Ni kama njia moja ya kijiji: kila nyumba ina nambari yake, na nyumba mbili zikiwa na nambari moja, barua hazifiki. Nambari ni 8, kuanzia 0 hadi 7. Kompyuta yenyewe imechukua 7. Katika SPARCstation 5 diski ya ndani kwa kawaida ni 3, ya pili ikiwepo ni 1, na kisomaji cha CD ni 6. Mashine ya tepu tuipe 4, au 5. Nambari hubadilishwa nyuma ya kisanduku, kwa vitufe au swichi ndogo.

Hapa ndipo sisi wenyewe tulikwama. Kisanduku kilikuwa kimeachwa kwenye 3. Tulipowasha, kompyuta haikuiona hata diski yake. Mzee mmoja akasema, "Imekufa, tuizike." Haikuwa imekufa. Tulizima, tukaweka 4, diski ikarudi.

Tatizo la pili lilituchukua siku nzima. Kompyuta iliiona mashine, ikaanza kusoma, halafu ikasimama katikati. Njia ya SCSI inahitaji kufungwa ncha zote mbili. Upande wa kompyuta umefungwa kutoka kiwandani. Upande wa pili, kisanduku cha mwisho huchomekwa kizibo chenye pini, ambacho mafundi hukiita tamineta. Bila hicho, ishara hugonga mwisho wa waya na kurudi, zikavuruga zinazokuja. Kizibo chetu kilikuwa ndani ya kopo la misumari! Tafuteni vizuri kabla ya kununua. Na kebo iwe fupi: njia yote, pamoja na waya wa ndani, isizidi mita 3. Kama nyuma ya kisanduku pameandikwa DIFF, acheni kabisa. Hiyo ni aina nyingine ya umeme. Plagi zinaweza kufanana, lakini vifaa vinaweza kuungua.

Washeni mashine ya tepu kwanza, kompyuta baadaye. Maandishi ya kwanza yakitokea, bonyezeni Stop na A pamoja. Litatokea neno "ok". Andikeni probe-scsi. Mkiona Target 4 na maneno Removable Tape, mashine imeonekana. Kisha andikeni boot -r ili mfumo wa Solaris uitambue. (Kompyuta hizi betri ya saa hufa baada ya miaka kama 10, kwa hiyo msishtuke ikilalamika kuhusu tarehe au IDPROM.)

Mfumo ukishaamka, tieni kaseti na mwandike mt -f /dev/rmt/0 status. Ikijibu vizuri, andikeni tar tvf /dev/rmt/0 ili kuona orodha ya mafaili bila kugusa kitu. Kutoa mafaili ni tar xvf, mkiwa ndani ya folda yenye nafasi. Tunarudia kwa sauti: t ni kuorodhesha, x ni kutoa, c ni kuandika upya. Anayeandika c mahali pa x anaandika juu ya kaseti, na mashamba yote yanapotea. Ndiyo maana tulifungua kidirisha kwanza. Mkono hukosea, hasa jioni mkiwa mmechoka.

Kaseti 2 zilisomeka. Ya tatu ilikataa hata baada ya kutumia kaseti ya kusafishia, na tuliiacha, hatukuilazimisha. Ramani bado zinahitaji mtu mwenye programu ya ramani, lakini orodha ya majina na matawi ya bomba ilikuwa maandishi ya kawaida. Tuliihamisha kwa kebo ya mtandao hadi kompyuta ya shule, tukachapa, na nakala zikawekwa katika nyumba mbili tofauti. Mama mweka hazina alikuta jina lake kwenye tawi la pili, kama alivyosema. Jirani yake pia yuko hapo hapo, jambo ambalo yeye hakulisema.

Kwa majadiliano ya kikundi:

Ni kumbukumbu gani za kikundi chetu ziko mahali pamoja tu, na nani anajua mahali hapo?

Kati ya kaseti, diski na karatasi tulizo nazo, zipi hatujazijaribu kusoma kwa zaidi ya mwaka?

Nani atapewa kazi ya kutafuta kebo na kizibo kabla ya mkutano ujao?