SOMO: KUSAHIHISHA HESABU ILIYOKWISHA KUSOMWA

Lengo: Mwisho wa somo hili kila kamati ijue la kufanya inapogundua kwamba pesa kidogo zilizoingia hazikuandikwa katika ripoti.

Ndugu wasomaji, wazee wetu wanasema: mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini daftari nalo huandikwa na mtu, na mtu husahau. Somo letu la leo ni juu ya siku ile karani au mtunza hazina anapogundua kwamba amesahau.

Kisa

Kamati moja ilisimamia mashine ya kusaga unga. Ilikuwa na wajumbe kutoka jamaa zilizohama na wengine kutoka jamaa wenyeji. Mwisho wa mwezi mtunza hazina, mama mmoja aliyehama vita, alisoma ripoti mbele ya watu wote: yaliyoingia franka 186,000, yaliyotoka kwa mazutu, vipuri na malipo ya mwendesha mashine franka 149,000, salio franka 37,000. Watu walipiga makofi wakaenda zao.

Siku tatu baadaye aliona bahasha ndani ya sanduku. Ilikuwa na franka 9,500, bei ya pumba alizouzia mfugaji wa nguruwe. Siku ile daftari lilikuwa kwa mwenyekiti, kwa hiyo aliandika kikaratasi tu, kisha akasahau.

Karani akamshauri: «Mama, nyamaza. Tutaziweka katika mapato ya mwezi ujao, nani atajua?» Lakini mfugaji alikuwa na kikaratasi chake chenye tarehe, na alikuwa amekwisha kuuliza jirani zake kwa nini pesa zake hazikusomwa. Neno lilianza kuzunguka kwenye kisima: «Wahamaji wanakula pesa ya mashine.» Kwa ajili ya franka 9,500, jamaa zilizokuwa zinasaga pamoja zilianza kutazamana vibaya.

Kwa nini kiasi kidogo ni jambo kubwa

Watu hawapimi wingi wa pesa tu, wanapima pia ukweli wa mtu anayezitunza. Anayeona kwamba 9,500 zimefichwa atajiuliza ni ngapi nyingine asizoziona. Na mahali ambapo watu wamekwisha kugawanyika kwa sababu ya vita, lawama haibaki kwa mtu mmoja. Inahamia kwa kabila lake au kwa kijiji alikotoka.

Shauri la karani lilikuwa na hatari nyingine. Kuandika pesa za mwezi uliopita kana kwamba zimeingia mwezi huu ni kugeuza usahaulifu kuwa uongo. Kosa la kwanza halikuwa na nia mbaya. La pili lingekuwa nayo, na lingeharibu ripoti mbili badala ya moja.

Hatua za kufuata

1. Hesabuni pesa mbele ya mashahidi. Fungueni sanduku mkiwa watu watatu angalau, mmoja wao asiwe mjumbe wa kamati. Andikeni mlichokuta. Katika kisa chetu walikuta 46,500 wakati ripoti ilisema 37,000. Tofauti ilikuwa 9,500 kamili.

2. Tafuteni chanzo. Pesa zilitoka kwa nani, tarehe gani, kwa ajili ya nini? Kikaratasi kikipotea, mwulizeni aliyelipa, naye atie sahihi.

3. Mwambieni mwenyekiti na wakaguzi siku ileile. Msingoje mkutano. Habari ikifika kwanza kwa njia ya uvumi, maelezo yenu yataonekana kuwa ya kujitetea.

4. Sahihisheni bila kufuta. Msichane ukurasa, msipake dawa nyeupe. Andikeni mstari mpya wenye tarehe ya leo, na kutaja ukurasa wa zamani: «Pumba, 9,500, zilisahauliwa katika ripoti ya mwezi uliopita.» Watu wawili watie sahihi. Ndivyo wafanyavyo wenye kazi ya hesabu pia: kanuni za OHADA, ambayo nchi yetu iliingia mwaka 2012, hazikubali mtu kufuta maandishi ndani ya kitabu cha hesabu.

5. Rekebisheni jumla kila mahali. Yaliyoingia yakawa 195,500, yaliyotoka yakabaki 149,000, salio 46,500. Kama nakala ilikwenda kwa chefu au kwa shirika linalosaidia, pelekeni barua fupi yenye tarakimu ya zamani, tarakimu mpya na sababu.

6. Someni sahihisho mbele ya watu walewale waliosikia ripoti ya kwanza. Kosa lililosomwa hadharani halisahihishwi sirini. Lakini angalieni usalama: msibandike ukutani kiasi kilichomo sandukuni wala jina la anayelilinda.

7. Zibeni tundu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kamati ile ilinunua kitabu cha risiti chenye nakala mbili, na ikaamua kwamba hakuna kitu kitakachouzwa ikiwa daftari halipo.

Kama pesa zimekwisha kutumika

Hapo semeni hivyo wazi: zilitumika kwa nini, na nani aliruhusu. Kama zilitumika kwa kazi ya kamati, andikeni yaliyoingia na yaliyotoka pia. Kama mtu alizitumia nyumbani kwake, hilo si jambo la kusahihisha daftari tu. Anapaswa kurudisha, na mkutano uamue jinsi gani.

Kodi nayo ni vivyo hivyo

Wengine wanadhani serikali peke yake ndiyo inayojua kodi ya mtu. Katika nchi yetu sheria namba 004/2003 ya tarehe 13 Machi 2003 inamtaka mlipa kodi atangaze yeye mwenyewe. Kwa hiyo akigundua amesahau pato fulani, arudi ofisini alikopeleka tangazo lake kabla hajafuatwa, na adai karatasi ya kuthibitisha.

Ndugu zetu waliopelekwa Marekani kama wakimbizi wanakutana na jambo hilohilo. Aliyesahau kutaja malipo ya kazi ndogo hujaza fomu nyingine iitwayo 1040-X, inayoonyesha tarakimu ya kwanza, tofauti, na tarakimu sahihi, pamoja na sababu. Riba ya kodi iliyopungua huhesabiwa tangu tarehe ya mwisho ya kulipa, kwa hiyo anayewahi kusahihisha hulipa kidogo kuliko anayengoja barua.

Neno kwa viongozi

Siku ya mkutano yule mama alisimama akasema: «Nilisahau. Pesa ni hizi, na mfugaji ni huyu.» Mzee mmoja mwenyeji akamwuliza kwa ukali: «Na mwezi wa kabla yake, binti yangu, hukusahau?» Mwenyekiti hakumzuia mzee. Alifungua daftari wakapitia kurasa za miezi mitatu pamoja, mbele ya wote. Hawakukuta kosa lingine. Mzee akasema, «Basi, endelea na kazi.»

Kiongozi akimwaibisha anayekiri, mwaka ujao hakuna atakayekiri. Akikataza maswali, uvumi utaongezeka. Mwacheni mtu akiri, na mwacheni jirani aulize.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni nani kati yetu anayeruhusiwa kupokea pesa wakati daftari halipo?
2. Je, wenyeji na waliohama wote wana mtu wao kati ya wakaguzi?
3. Ungekuwa wewe uliyeikuta ile bahasha, ungeogopa nini? Tufanye nini ili mtunza hazina wetu asiogope hivyo?

Zoezi: Kabla ya mkutano ujao, hesabuni sanduku na kulinganisha na daftari. Mkikuta tofauti, hata ya franka 500, anzeni na hatua ya kwanza.