Kabla Hujatoboa Boneti

Mdogo wangu uliyeniandikia kutoka Ohio, barua yako nimeisoma na kuirudia. Umejinyima, umekusanya, hatimaye umepata Dodge Challenger R/T ya mwaka 1970. Hongera sana, tena hongera ya dhati. Sasa wenzako mnaokutana na magari yenu mwisho wa wiki wanakwambia gari la aina hiyo bila pini za boneti halijakamilika. Mkeo naye anasema drili haigusi gari lililomeza akiba ya nyumba. Unataka dada yako nikuamulie.

Sikuamulii, ila nakwambia ninavyoliona. Swali la kwanza si kama pini zinapendeza. Zinapendeza, na kupenda urembo si kosa. Swali ni hili: boneti yako hivi sasa inashikwa na nini, na je, kinachoishika ni kizima? Ukilijibu hilo kwa kutumia mikono yako, si kwa maneno ya wenzako, sehemu kubwa ya uamuzi itakuwa imekwisha.

Wasomaji wengine msiachwe nyuma. Pini ninazozisema ni zile fimbo mbili fupi za chuma zinazofungwa kwa nati kwenye mhimili ulio juu ya rejeta. Ukifunga boneti, ncha zake hutokeza juu kupitia matundu mawili, kisha unapitisha kwenye kila ncha kipini kidogo kilichokunjwa ili boneti isiinuke. Wenye kufuatilia Safari Rally kule Kenya mmeziona. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa linalosimamia mbio za magari, kwa magari ya rali zimetaka vifungo vya namna hii, angalau viwili kwenye boneti, na loki ya kiwandani iondolewe au izimwe kabisa. Kwenye mashindano fundi anataka kufikia injini haraka, na gari likigongwa pua hakuna muda wa kuhangaika na loki iliyopinda.

Basi huko ndiko zilikotoka: kazini. Na wenye viwanda vya Marekani walipoziweka kwenye magari ya kuuzia watu, mara nyingi zilikuwa na kazi. Mwaka 1969 Plymouth walitoa Road Runner, na Dodge wakatoa Super Bee, zenye injini ya inchi za ujazo 440, yaani lita 7.2, na kabureta tatu juu yake. Boneti yake ilikuwa ya faiba, nyeusi isiyong'aa, na haikuwa na bawaba hata moja. Ilikaa kwa pini nne tu. Ukitaka kuangalia oili unatoa pini zote nne, mnaishika watu wawili, mnaiweka chini. Challenger T/A ya 1970, ndugu wa hilo gari lako, nayo ilitoka na boneti ya faiba na pini zake. Ford nao Mustang Mach 1 ya 1969 waliipa pini zenye waya, juu ya boneti ya bati, na hapo tayari urembo ulishaanza kuingia. Kwa hiyo wenzako hawajatunga, desturi ipo. Lakini gari lako si T/A. R/T ilitoka na boneti ya bati, yenye bawaba zake nyuma na loki yake mbele.

Hapa naomba unisikilize kwa makini. Boneti yenye bawaba nyuma, ikiachia ukiwa barabarani, inakupigia kioo cha mbele na kukuziba macho. Upepo unaingia kwa mbele kupitia shoo, unajaa chumba cha injini na kusukuma juu, wakati hewa inayopita juu ya ukingo wa boneti inavuta. Ni mambo yale yale ya bati la nyumba linaloezuliwa kwa upepo ulioingia chini yake. Na nguvu hiyo haiongezeki kwa kiasi kile kile unachoongeza mwendo: ukitoka maili 40 kwa saa ukaenda 80, mwendo umezidi mara mbili, nguvu ya upepo imezidi mara nne. Ndiyo maana Serikali ya Marekani ilitoa kanuni ya usalama namba 113, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 1969, ikisema boneti ya kufungukia mbele inayoweza kumziba dereva lazima iwe na loki ya pili, au hatua ya pili ya kushika. Gari lako la 1970 lilitengenezwa chini ya kanuni hiyo. Ulinzi huo umo tayari, kama haujachoka.

Kwa hiyo kabla ya drili, nenda kaijaribu. Achia loki ya kwanza tu. Boneti inatakiwa ijiinue kidogo na kusimama, imeshikwa na kile kikomeo cha pili. Weka viganja viwili chini ya ukingo uivute juu, kwa nguvu ya kweli. Ikigoma, vizuri. Ikilegea, ikicheza, au kikomeo kikiwa kinabaki kilipo badala ya kurudi chenyewe, hapo pana ugonjwa. Zaidi ya miaka 50 ya grisi iliyokauka, springi iliyochoka na kutu inatosha kukilemaza. Kamulika pia na tochi: angalia bolti za bawaba kule nyuma, angalia kama bati linaloshikilia loki halijaoza. Ugonjwa huo unatibiwa pale pale ulipo, kwa kusafisha, kupaka grisi, kubadilisha springi au loki nzima. Pini hazitibu loki mbovu, mdogo wangu. Zinaificha tu, na siku utakayosahau kurudisha kipini baada ya kuonyesha watu injini, ile loki uliyoipuuza ndiyo utakayokuwa unaitegemea. Hilo ndilo ninaloliogopa kuliko bati kutobolewa.

Sasa jambo la mkeo. Hakukosea hata kidogo. Boneti ya kiwandani ambayo haijatobolewa ni mali, na mnunuzi anayejua magari haya ataiinamia kuichungulia kabla hajataja bei. Tundu likishapita bati, hulirudishi. Unaweza kulichomea na kulisaga, lakini fundi mwenye jicho atalijua akiangalia upande wa ndani. Hata hivyo ipo hali moja ambayo nyote wawili mnaweza kushinda. Mwaka 1970 Dodge walizitoa pini za boneti kama nyongeza ya kuagiza, kwa alama J45. Fungua boneti, angalia upande wa kushoto, kwenye bati la ndani la fenda: kuna kibao kidogo cha chuma kilichogongwa herufi na namba. Kisome mstari kwa mstari. Ukikuta J45, gari lako lilizaliwa na pini, na kama leo hazipo basi boneti ilibadilishwa au matundu yalizibwa. Kuzirudisha ni kulirudishia gari haki yake, na mkeo mwonyeshe kibao kwa macho yake. Ila uwe na hakika kibao ni cha asili, maana vinachapishwa vipya pia.

Kama J45 haipo, boneti ni ile ya kwanza na loki ni nzima, msimamo wangu ni usitoboe. Ukiona moyo hautulii, tafuta boneti nyingine, hata ya faiba, uifunge pini zake, na ile ya asili uihifadhi nyumbani ikiwa imefunikwa. Na ukishaweka boneti ya faiba, mjadala umeisha: pini ni lazima. Faiba ni nyepesi na inanyumbuka kwenye ukingo, haifai kuachiwa loki moja ya katikati. Zile pini za kugandisha kwa gundi, zisizoshika chochote, sizipendi kabisa. Mtu anaziona anaamini boneti imefungwa, kumbe haijafungwa.

Ikifikia kutoboa, fanya kwa utulivu. Kwanza boneti ikae sawasawa, nafasi kati yake na fenda zilingane pande zote mbili, maana ukiirekebisha baada ya kutoboa matundu yatakuwa pembeni. Funga fimbo za pini mahali pake, bandika kipande cha udongo wa kuchezea watoto juu ya kila ncha, shusha boneti polepole mpaka iguse, inua: alama utaiona upande wa chini. Boneti ina mabati mawili, la juu na la mbavu za ndani, na lazima upite yote mawili kwa mstari ulionyooka. Bandika tepu ya karatasi juu ya rangi, anza na ncha nyembamba ya drili, panua kidogo kidogo. Ukingo wa tundu usiuache mtupu hata usiku mmoja. Upake rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya gari, ndipo uweke kile kisahani cha chuma kinachozunguka tundu. Tundu liwe na nafasi kidogo kuzunguka pini, kwa sababu bodi ya gari hujipinda barabarani, na pini iliyobanwa hula ukingo wa tundu au hugoma kutoka.

Kuhusu ule waya unaoshikilia kipini kisipotee, uangalie sana. Ukiwa mrefu, upepo unauchezesha, na baada ya safari kadhaa utakuta mkwaruzo wa nusu duara kwenye rangi, umechorwa vizuri kana kwamba mtu katumia bikari. Ufupishe, au uvishe mpira mwembamba.

Na loki ya kiwandani iache mahali pake. Wa mashindanoni wanaitoa kwa kuwa kanuni zinawataka, na wanakaguliwa kabla ya kila mbio. Wewe unaendesha na mkeo pembeni.

Leo jioni kabla hujaongea na mtu yeyote mwingine, muite mkeo, chukueni tochi, msome kile kibao pamoja. Halafu niandikie mmekuta nini.